Shilingi ya Umma Mikononi mwa Klabu: Uchangishaji, Miradi ya Hisani na Uwajibikaji

Mada iliyowasilishwa katika semina ya viongozi wapya wa klabu za huduma





1. Utangulizi

Nimeombwa nizungumzie uchangishaji na miradi ya hisani. Katika klabu nyingi mambo haya mawili yametenganishwa: kamati ya uchangishaji inakaa kivyake, kamati ya miradi kivyake, na mweka hazina anaitwa mwishoni, hundi inapotakiwa kuandikwa. Leo nitayaunganisha, kwa sababu mchangiaji hazijui kamati zetu. Yeye ametoa shilingi 10,000 kwa ajili ya wagonjwa wa macho, na swali lake ni moja tu: je, mgonjwa ametibiwa?

Hoja yangu ni kwamba fedha tunayoikusanya kwa jina la wenye shida ni amana. Klabu inaishika, haiimiliki. Na amana hiyo haiishi siku ya kukata utepe, wala haiishi rais anapomkabidhi mwenzake kengele na nyundo. Kwa hiyo nitaifuata shilingi hiyo hatua kwa hatua: inapoombwa, inapotunzwa, inapotumika, na katika miaka inayofuata baada ya mradi kukabidhiwa.

2. Tulikotoka

Rotary ilianzishwa Chicago tarehe 23 Februari 1905 na wakili Paul Harris na wenzake watatu. Lions nayo ilizaliwa 1917 kwa wito wa Melvin Jones, mfanyabiashara wa bima wa mji huohuo. Afrika Mashariki ilipata klabu yake ya kwanza ya Rotary Nairobi mwaka 1930, Dar es Salaam ikapata yake mwaka 1949 na Kampala mwaka 1957.

Kuchangiana, hata hivyo, hakukuletwa na klabu. Watu wetu walikuwa na ujima, upatu na vyama vya kufa na kuzikana kabla hatujavaa beji. Mwaka 1963 Mzee Jomo Kenyatta alipoifanya Harambee kuwa wito wa taifa la Kenya, wananchi walijenga shule kwa mabati, mawe na senti zao wenyewe. Baadaye wanasiasa waliigeuza harambee kuwa jukwaa la kujitafutia jina, hadi sheria ya maadili ya watumishi wa umma ya Kenya ya mwaka 2003 ikawawekea mipaka wanaotumia ofisi zao kuchangisha. Historia hiyo inatufunza kwamba wananchi hawachoki kutoa. Wanachochoka nacho ni kutoa bila kuona.

3. Kuomba

Kosa la kwanza hutokea hata kabla ya shilingi ya kwanza kuingia: klabu inapanga hafla kwanza, kisha inatafuta sababu ya hafla. Ukumbi umeshalipiwa, mgeni rasmi ameshaalikwa, ndipo mtu anauliza, "Fedha hizi tutazipeleka wapi?" Utaratibu sahihi unaanza na hitaji lililothibitishwa na makisio ya gharama. Hafla ifuate.

Tuangalie hesabu ya mfano. Klabu inaandaa mbio za hisani. Washiriki 500 wanalipa shilingi 30,000 kila mmoja, jumla milioni 15. Mdhamini anatoa milioni 10. Mapato ni milioni 25, na wanachama wanapongezana. Sasa tutoe gharama: fulana kwa shilingi 12,000 kila moja ni milioni 6, medali kwa shilingi 3,000 ni milioni 1.5, jukwaa, maji, gari la wagonjwa na usalama barabarani ni milioni 4, matangazo ni milioni 2. Gharama zote ni milioni 13.5, na kinachobaki ni milioni 11.5. Katika kila shilingi 100 iliyoingia, 46 tu ndizo zinazofika kwa mlengwa.

Sisemi mbio zisifanyike. Zinaleta vijana, zinaitangaza kazi, na mara nyingi ndizo zinazotuletea wanachama wapya. Ninachoshauri ni kwamba gharama zitafutiwe wadhamini kwanza: mmoja achukue fulana, mwingine maji, mwingine jukwaa. Hapo klabu inaweza kutangaza mbele ya kila mtu kwamba ada yote ya mshiriki inakwenda kwenye mradi, na ikasema kweli. Ikishindikana, klabu itaje wazi kiasi kitakachobaki. Mchangiaji anayeambiwa ukweli hurudi mwaka unaofuata.

Namna tunavyowaonyesha wanaosaidiwa nayo ni sehemu ya kuomba. Mtoto aliyepangwa mstarini ashike daftari lenye nembo yetu, apigwe picha, picha isambazwe kwenye makundi ya WhatsApp: huyu hajaulizwa, wala mzazi wake hajaulizwa. Herbert Taylor alipotunga mwaka 1932 yale maswali manne tunayoyasoma katika mikutano ya Rotary, alianza na ukweli, akafuatisha haki kwa wote wanaohusika. Mtoto yule naye anahusika. Tupige picha darasa, kisima au kitanda cha hospitali, na sura ya mtu tuitumie kwa ridhaa yake tu.

4. Kutunza

Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Wenzetu wa Lions wana kanuni ambayo kila klabu ya huduma ingefaa kuifuata: akaunti mbili zisizochanganyika. Ya kwanza ni ya uendeshaji, inayopata fedha kutokana na ada za wanachama na faini za mikutanoni. Ya pili ni ya shughuli za huduma, na humo ndimo inamoingia fedha iliyochangwa na umma. Fedha ya umma hailipii chakula cha mkutano, beji, wala nauli ya kwenda kwenye kongamano.

Mfuko wa Rotary nao unazitaka klabu zinazopata ruzuku yake ziwe na akaunti maalumu ya mradi, watia saini wawili, na kumbukumbu zinazohifadhiwa kwa muda usiopungua miaka 5. Baadhi ya wanachama huyaona masharti haya kuwa ni usumbufu wa wazungu. Mimi nayaona kuwa ni ulinzi wa mweka hazina mwenyewe. Mtu mwaminifu akishika fedha peke yake, bila risiti na bila mtia saini wa pili, siku maneno yatakapozuka hatakuwa na cha kumtetea.

Simu zimerahisisha uchangishaji na zimeleta hatari yake. Mchango ukiingia kwenye namba binafsi ya mwanachama, unachanganyika na karo ya watoto wake na madeni yake. Klabu ifungue namba ya malipo iliyosajiliwa kwa jina lake, na taarifa ya miamala isomwe kila mwezi.

Hapa tuna shule nzuri nyumbani kwetu: kamati za harusi. Kila mwenye kadi anajulikana, aliyeahidi na aliyelipa wanaorodheshwa, na baada ya sherehe kinaitishwa kikao cha kuvunja kamati, ambapo mapato, matumizi na salio husomwa mbele ya wote. Kama tunaweza kufanya hivyo kwa sherehe ya siku moja, tunashindwaje kwa fedha ya kisima?

5. Kutumia

Mradi mzuri unaanza kwa kusikiliza. Ruzuku kubwa ya kimataifa ya Rotary, ambayo bajeti yake haipungui dola 30,000, haitolewi bila tathmini ya mahitaji iliyofanywa pamoja na jamii yenyewe, wala bila ushirikiano wa klabu ya hapa na klabu ya nchi nyingine. Utaratibu huo ufuatwe hata kwa mradi wa shilingi milioni 3. Twende kwenye mkutano wa kijiji. Tumsikilize mwalimu mkuu, mtendaji wa kata, mganga wa zahanati, na hasa akina mama wanaochota maji. Huenda tulikuja na wazo la madawati, tukaambiwa kwamba wasichana wanakosa masomo kila mwezi kwa sababu choo hakina mlango wala maji.

Kambi ya macho inaonyesha jinsi kazi ilivyo ndefu kuliko inavyoonekana. Tangu Helen Keller alipowahutubia Lions mwaka 1925 huko Cedar Point, Ohio, akawaomba wawe watetezi wa wasioona, shughuli ya macho imekuwa alama yao duniani, na Nairobi wana hospitali yao ya macho huko Loresho. Siku ya kambi tunaona foleni ya wazee na madaktari wenye tochi. Lakini mzee mwenye mtoto wa jicho anahitaji kupimwa, kusafirishwa, kufanyiwa upasuaji, kuangaliwa kesho yake, kupewa dawa za matone na kuonwa tena baada ya wiki kadhaa. Bajeti inayoishia kwenye kupima tu inamwacha mzee akijua jina la ugonjwa wake na haoni bado. Afadhali kuwahudumia wazee 40 hadi mwisho kuliko kuwapima 400 na kuwaacha njiani.

6. Baada ya utepe kukatwa

Nije kwenye kiini cha mada. Mwaka wa klabu zetu unaanza tarehe 1 Julai na kwisha tarehe 30 Juni. Rais ana miezi 12. Utaratibu huu unazuia klabu kuwa mali ya mtu mmoja, na ni jambo jema. Ila una gharama yake: kila rais anataka mradi wake, wenye kibao chake, uzinduliwe kabla ya Juni. Rais anayefuata hana hamu na mradi wa mwenzake. Ndivyo tunavyopata miradi mingi midogo isiyo na mlezi.

Maji ndiyo ushahidi ulio wazi zaidi. Makadirio yaliyotolewa mwaka 2009 na mtandao wa kimataifa wa maji vijijini, RWSN, yalionyesha kwamba takriban pampu moja ya mkono katika kila tatu kusini mwa Sahara ilikuwa haifanyi kazi. Mara nyingi sababu ni ndogo: kipuri kimelika, fundi hayupo, mfuko wa matengenezo hauna kitu. Tanzania sasa ina wakala wa maji vijijini, RUWASA, ulioanzishwa kwa Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, pamoja na vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii. Klabu inayochimba kisima bila kupita huko inachimba nje ya mfumo utakaokitunza. Aina ya pampu ichaguliwe kwa kuangalia vipuri vinavyopatikana wilayani, fundi wa kijiji afundishwe, na wanakijiji wakubaliane watachangia nini kwa ndoo au kwa kaya kabla bomba halijashuka chini.

Kazi kubwa zilizofanywa na klabu zilifanikiwa kwa sababu zilivuka miaka ya marais wake. Mwaka 1918 mfuko uliokuja kuitwa Mfuko wa Rotary ulipokea mchango wake wa kwanza, dola 26 na senti 50 kutoka klabu ya Kansas City. Mwaka 1979 Rotary ilianza kuchanja watoto milioni 6 wa Ufilipino dhidi ya polio. Mwaka 1985 ikaanzisha kampeni ya dunia. Mwaka 1988 serikali na mashirika ya kimataifa yakaungana nayo, wakati ugonjwa ukiwalemaza watoto wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa haina tena polio ya virusi vya asili. Mwaka 2022 virusi kutoka nje viligunduliwa Malawi na Msumbiji, na kampeni za chanjo zikafanyika upya. Rotary imekwisha kutoa zaidi ya dola bilioni 2 katika kazi hii, na marais wengi wa klabu walioichangia hawakupata kibao hata kimoja.

Karibu nasi, wenzetu wa Uganda walianzisha mwaka 2012 mbio za saratani kwa lengo moja: wodi ya saratani katika Hospitali ya Nsambya, Kampala. Marais walibadilika, lengo halikubadilika. Mkimbiaji aliyerudi mwaka wa pili alijua anaendeleza jengo lilelile, na wodi ikasimama.

7. Mapendekezo

Ndugu Mwenyekiti, naiomba semina ijadili na kupitisha yafuatayo:

(i) Kila klabu iwe na akaunti mbili, ya uendeshaji na ya huduma, na fedha ya umma isilipie gharama za klabu.

(ii) Ndani ya siku 30 baada ya hafla yoyote ya kuchangisha, taarifa ya mapato, gharama na salio itolewe kwa wanachama, wadhamini na wachangiaji.

(iii) Kila klabu ichague mradi mkuu mmoja wa miaka 3, uliokubaliwa na rais aliyepo, anayefuata na atakayemfuata huyo.

(iv) Sehemu ya bajeti ya kila mradi, nashauri isipungue asilimia 10, itengwe kwa matengenezo na ufuatiliaji.

(v) Kila rais mpya, katika miezi mitatu ya kwanza, atembelee miradi ya miaka 5 iliyopita na kuiambia klabu ipi inafanya kazi na ipi imekufa.

8. Hitimisho

Kutoa ni moyo, na moyo huo watu wetu wanao. Kinachohitajika kutoka kwetu ni daftari lililo wazi, subira, na unyenyekevu wa kuendeleza kazi aliyoianza mwingine. Nawasihi viongozi wapya: tarehe 1 Julai, kabla hamjatafuta mradi wenu wa kuzindua, nendeni kwanza kwenye kisima kilichozinduliwa na mliowapokea madaraka. Kama kimekauka au pampu imeharibika, mradi wenu wa kwanza ndio huo.