Jasho Kama Mtaji: Familia na Watu wa Kujitolea Katika Ujenzi wa Nyumba Nafuu



Hoja ya mada hii ni kwamba nguvu kazi ya kujitolea humpatia mwenye kipato kidogo nyumba pale tu inapoambatana na mkopo usio na riba na jasho la familia yenyewe. Mkopo ukikosekana, nyumba huishia kwenye lenta. Jasho la familia likikosekana, nyumba inakuwa zawadi ya wageni.

Chimbuko

Mfano unaojulikana zaidi ni Habitat for Humanity. Wazo lake lilizaliwa mwishoni mwa miaka ya 1960 katika shamba la Koinonia, jimbo la Georgia, Marekani, ambako Clarence Jordan na Millard Fuller walipanga kuwajengea nyumba majirani maskini. Mwaka 1973 Fuller na mkewe Linda walilipeleka Mbandaka, Zaire ya wakati huo, na waliporejea kwao wakaanzisha shirika hilo mwaka 1976. Uzoefu wa Afrika umo katika misingi yake.

Katika mpango wa shirika hilo nyumba iliuzwa bila faida, familia ikalipa kidogo kidogo bila riba, na marejesho yakaingia katika mfuko wa kujengea nyumba nyingine. Anayelipa kwa wakati anamjengea jirani anayesubiri.

Kwenye kiwanja

Kuona jinsi kazi inavyogawanywa, chukua matofali ya kufungamana. Udongo huchekechwa, huchanganywa na saruji kidogo na kushindiliwa kwa mashine ya mkono. Matofali hupangwa kivulini, hufunikwa na kumwagiliwa maji kwa siku zisizopungua 7. Kuchekecha na kubeba kunamfaa mtu wa kujitolea asiye na ufundi. Kumwagilia asubuhi na jioni wapewe wenye nyumba, maana ndio watakaoishi na ufa ukitokea. Kamba, pima maji na timazi vibaki mikononi mwa fundi. Vifaa navyo vitangulie kufika, kwani umati usio na mchanga wala maji hula siku bure.

Mapendekezo

1. Saa za kazi za kila familia ziandikwe kwenye daftari lililo wazi kwa wote. Mzee au mlemavu ahesabiwe kwa kutunza stoo au kupika.

2. Umiliki wa kiwanja uthibitishwe kabla ya kuchimba msingi, na hati ya wanandoa iandikwe majina ya wote wawili.

3. Halmashauri zitenge viwanja vilivyopimwa kwa vikundi vya ujenzi, kwa sababu jasho halinunui ardhi.

Hitimisho

Moyo wa kusaidiana tunao. Kwenye misiba na harusi zetu hakuna anayeachwa peke yake. Kilichopungua ni utaratibu wa fedha na ardhi. Naiomba semina hii isifungwe kabla ya kuteua kamati ya kuandika kanuni za mfuko wa kwanza.