Mti Haulelewi kwa Siku Moja

Hotuba ya Kamati ya Vijana iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Twawashukuru kwa kutupa nafasi ya kusema machache juu ya kazi ya kuwaongoza vijana katika utunzaji wa miti na ardhi. Hatukuja kujisifu. Tumekuja kukiri kosa na kuomba jambo moja.

Msimu wa mvua uliopita tulipanda miche kando ya mto. Ngoma zilichezwa, hotuba zikatolewa, picha zikapigwa. Mvua ilipokatika, hapakuwa na mtu wa kutia maji wala wa kufukuza mbuzi. Leo miche mingi imekufa. Vijana waliojitolea siku ile wanatuuliza: je, mlitaka miti ama mlitaka picha? Swali hilo limetuchoma, nasi hatuna la kujitetea.

Kazi hii si ngeni katika nchi yetu. Mwaka 1922, huko Kikuyu, afisa wa misitu Richard St. Barbe Baker na Chifu Josiah Njonjo waliwakusanya vijana kwa ngoma ya miti, kikazaliwa chama cha Watu wa Miti. Mwaka 1968 wanafunzi wa shule za sekondari walianzisha vilabu vya kuhifadhi wanyama wa porini. Kisha mwaka 1977 Profesa Wangari Maathai, mzaliwa wa Nyeri, akaanzisha Green Belt Movement.

Twaomba mfikirie njia aliyoifuata. Akina mama waliookota mbegu na kuotesha miche hawakulipwa kwa kuchimba mashimo. Walipewa malipo madogo kwa kila mche uliopandwa ukashika. Kwa hiyo kila mama alikuwa na sababu ya kurudi kuutazama. Profesa naye alidumu. Mwaka 1999 alipigwa katika Msitu wa Karura, wala hakuacha. Tuzo ya Amani ya Nobel aliipata mwaka 2004, baada ya miaka 27 ya kazi, akaendelea hadi alipofariki mwaka 2011.

Kumbe kiongozi wa vijana si mtu wa kualikwa siku ya sherehe. Asubuhi yu kitaluni, jioni yu pamoja na vijana, naye ajua ni nani ameacha shule na ni mche upi umeliwa na mchwa. Kazi kama hiyo haiwezekani kwa mtu anayeomba nauli kila Jumamosi.

Basi ombi letu ni hili. Fedha za sherehe ya upandaji ya mwaka ujao zitumiwe kumlipa kiongozi mmoja wa vijana, na vijana wapewe posho kwa kila mche utakaokuwa hai baada ya kiangazi. Wazee wakague na kuhesabu wenyewe. Wapo watakaosema kwamba bila sherehe wageni hawatakuja. Twajibu kwa heshima: waje baadaye, wakae kivulini.

Wahenga walisema, udongo uwahi ungali maji. Vijana wetu wangali nasi, ingawa wengine wameanza kuitazama barabara ya mjini. Tukiwavunja moyo mara ya pili, hawatarudi. Uamuzi twawaachia ninyi.