Somo la Redio: Pima Kwanza, Nunua Baadaye

Leo wekeni kalamu na rula karibu, maana somo letu ni la kupima.

Tuseme darasa lenu lina sanduku la slaidi za zamani. Slaidi ni picha iliyo juu ya filamu yenyewe, si juu ya karatasi. Ukiielekeza kwenye mwanga waona shamba la kahawa, migomba, labda na sura ya babu aliyekwisha kufa. Kila mtu anataka kuiona ukutani. Basi mnachanga fedha za kununua projekta, yaani mashine ya kutupa picha ukutani. Ngojeni! Shilingi isitoke kabla hamjapima.

Twaeni slaidi moja. Ishikeni pembeni, msiguse picha. Pimeni fremu yake. Ikiwa ni sentimita 5 kwa 5, kwa kawaida hiyo ni filamu ndogo. Ikiwa ni 7 kwa 7, hiyo ni filamu ya kati, na picha yake ni karibu sentimita 6 kwa 6. Eneo lake lapita la picha ndogo zaidi ya mara tatu.

Hapo ndipo penye shida. Projekta nyingi za slaidi zilitengenezwa kwa fremu ya 5 tu. Fremu ya 7 haiingii. Ziko zilizopokea fremu zote mbili, kama Rollei P11 ya Ujerumani, lakini hizo ni za zamani, nanyi mtazipata zimekwisha kutumika. Hata Kodak ya Marekani iliacha kutengeneza projekta za slaidi mwaka 2004.

Kwa hiyo mwulizeni mwuzaji maswali matatu. Je, inapokea fremu ya 7? Je, balbu yake bado inauzwa? Je, ni ya volti ngapi? Umeme wetu ni volti 230. Mashine ya volti 120 ya Marekani itaungua. Tena, balbu ya wati 250 haiwezi kuwashwa kwa sola ndogo ya taa za nyumbani.

Wengine hukata filamu iwe sentimita 4 kwa 4, wakaitia katika fremu ya 5. Yafaa kwa picha mpya. Picha ya babu msiikate kamwe, kilichokatwa hakirudi.

Iko njia rahisi zaidi. Wekeni taa nyeupe chini ya plastiki ya rangi ya maziwa, na slaidi juu yake. Zimeni taa nyingine, mpige picha kwa simu. Kisha azimeni projekta ya kompyuta shuleni, mwonyeshe picha hiyo ukutani. Haitakuwa safi kama slaidi yenyewe, lakini kijiji kizima kitaiona, na slaidi itabaki salama.

Sasa hesabu. Bei hizi ni za mfano tu. Projekta ni shilingi 200,000, usafiri 150,000, balbu 50,000. Mko watu 20. Kila mmoja atatoa kiasi gani? Andikeni jibu, kisha jadilianeni: je, fedha hizo zitumike hivyo?

Kwaherini, tuonane juma lijalo.