Baiskeli Nayo Ina Haki ya Barabara
(Hotuba kwa wananchi wa Nyakiriba, Rubavu)

Vijana mnaobeba viazi na karoti kwa baiskeli kwenda Gisenyi na mpakani,

Mwezi Septemba 2025, Kigali ilipokea mashindano ya dunia ya baiskeli za barabarani, ya kwanza ya aina hiyo kufanyika barani Afrika. Barabara zilifungwa ili mabingwa wapite. Kijana wa Nyakiriba hafungiwi barabara. Huteremka kuelekea ziwani na gunia nyuma yake, huku lori likimfuata.

Tuseme ukweli: barabara nyingi zilipimwa kwa kipimo cha gari. Chukueni mfano wa taa za njia panda mjini. Taa ya njano kwa kawaida huwaka sekunde kama 3. Gari liendalo kilomita 36 kwa saa huvuka njia panda ya mita 20 kwa sekunde 2. Baiskeli yenye mzigo, iendayo mita 4 kwa sekunde, huhitaji sekunde 5. Aliyeingia taa ya kijani ikiisha huenda akakutwa katikati. Kwa hiyo, uionapo njano, simama, usishindane nayo.

Kwenye miteremko yetu hakuna taa za kukusimamisha. Breki ndiyo tegemeo lako. Mwendo ukiongezeka maradufu, umbali wa kusimama kwa breki huongezeka mara nne. Kagueni breki kabla ya kufunga mzigo. Na anayeshika lori mlimani amemkabidhi uhai wake dereva asiyemwona.

Madereva nanyi msikie: pasipo njia ya baiskeli, mwenye baiskeli akisukumwa hana pa kwenda ila mtaroni. Subirini nafasi ndipo mpite.

Kampeni yetu ya Gerayo Amahoro, yaani fikeni kwa amani, iliyoanza 2019, si ya wenye magari peke yao. Kamera, ile mnayoiita Sofia, hupima mwendo. Haioni mtaro ulio wazi wala ukingo wa lami uliomegeka. Hayo mnayaona ninyi mpitao kila alfajiri. Kila kijiji kiorodheshe sehemu zake za hatari, kizilete kwetu, nasi tuzifikishe wilayani.

Viazi vikichelewa leo, soko litakuwapo kesho. Lakini mtoto anayemngoja baba yake jioni hana baba mwingine.