Tubadilishe moto, ao tutengeneze ile tuko nayo?

Maneno yaliyosemwa na mmoja wa wanachama mbele ya mkutano wa mwezi, Lusangi. Tumeyaandika sawa alivyoyasema, tumeacha vicheko tu.

Baba Prezidenti, wazee wetu, mama zetu, na ninyi vijana wa moto mnaosimama pale mlangoni kama vile kuna mteja anawaita:

Vijana watatu wa chama wameleta barua. Wanaomba mkopo kwenye sanduku ili waachane na moto zao za 125 na 150, wanunue moto kubwa za mbio. Prezidenti akaniambia: "Wewe umeendesha miaka mingi, na wewe mwenyewe ulitaka kufanya vile. Kuja utuelezee." Ni kweli. Sikuja hapa kama mzee wa kukataza watoto. Nimekuja kama mtu aliyekuwa amekwisha kuhesabu mafranga, bado tu kuyatoa.

Mnajua nilirudi mwaka 2007. Kule Nyarugusu nilikuwa nabeba watu kwa baiskeli. Kila pikipiki ikinipita kwenye njia ya Kasulu, nilikula vumbi lake na nikasema: siku moja. Tulivuka ziwa kutoka Kigoma mpaka Baraka, na mikononi nilikuwa na sufuria mbili na karatasi za watoto. Nilipofika hapa, wale waliobaki waliniangalia mikono. Hawakusema kitu. Ninyi mliorudi mnajua lile jicho.

Kisha nikapata moto, Boxer 150. Imenilishia watoto miaka mitano. Siku moja niko Kasongo, naona mtu anauza Apache 180, nyekundu, tangi lake kama kifua cha jogoo. Akaniambia: leta Boxer yako, uongeze kidogo, uchukue hii. Usiku tatu sikulala vizuri.

Bibi yangu akaniuliza neno moja tu: "Hiyo moto unaitaka juu ya njia, ao juu ya watu?"

Sikumjibu. Lakini jibu nilikuwa nalo. Nilitaka niingie hapa Lusangi siku ya soko, na lile jicho la mwaka 2007 linione tena.

Vijana, hilo si dhambi. Mtu aliyerudi mikono mitupu anataka kuonekana. Lakini tukijua kwamba ni hilo tunalolipia, tutauliza bei yake vizuri zaidi.

Nikamwomba mwenye moto anipe siku moja, na nikaijaribu kwa kazi yangu, si kwa kuzunguka mjini. Nikapakia sawa ninavyopakia kila siku: mteja mmoja, gunia la mchele, na bidoni ya mafuta ya mawese. Pale pale shida ya kwanza: porbagaji hakuna. Kiti cha nyuma kimeinuka na kinateleza, mteja ananilalia mgongoni. Gunia tulilifunga kwa kamba za mpira, na kila shimo lilikuwa linataka kushuka.

Shida ya pili ni ile nguvu yenyewe. Apache 180 iko na nguvu ya farasi 17 hivi. Boxer 150 iko na 12 hivi. Kwa karatasi, kubwa inashinda. Lakini zile farasi 17 zinatoka zote pale mashine inapozunguka mara 8,500 kwa dakika, maana yake inapolia kabisa. Nani kati yenu analiza moto vile ndani ya matope ya mwezi wa tatu? Ukifanya, gurudumu la nyuma linachimba kaburi lake. Ndani ya matope unataka moto inayovuta polepole bila kuzimika. Kwa hiyo zile farasi za kuzidi umezinunua, umezilisha esansi, lakini kazini haziji.

Tatu ni uzito na umbo. Tukifika mtoni kwenye mtumbwi, moto ndogo wanaume wawili wanainyanyua. Ile ya mbio inataka watatu, na kila mmoja anataka chake. Zile plastiki nzuri za kando, ukianguka mara moja, zinapasuka. Na hapa kwetu nani haanguki?

Nne, vijana, angalieni vizuri, maana moto mpya nyingi ziko hivi: hazina kiki ya mguu, zinawaka kwa batri tu. Batri ikikufia katikati ya pori saa kumi na mbili ya jioni, utasukuma. Nyingine hazina karbireta, ziko na injeksio. Ni kitu kizuri, zinakunywa esansi kidogo. Lakini esansi yetu ni ya Kadafi, ya ndani ya chupa, na mara iko na maji, mara iko na uchafu. Karbireta ikiziba, fundi wa hapa anaifungua kwa turnavisi, anaipuliza, unaenda. Injeksio ikiziba, unaomba mtu akutafutie kipande Bukavu ao Uvira, na unakaa ukihesabu majuma.

Tano ni mwendo. Ukikimbia kilometa 60 kwa saa, kila sekunde unapita karibu mita 17. Ukifika 100, ni karibu mita 28. Mbuzi akitoka kwenye majani, kabla mkono haujashika breki, umekwisha kumfikia. Na mwendo ukiongezeka mara mbili, njia ya kusimama kwa breki inakuwa mara nne, si mara mbili. Hiyo ni kwenye njia kavu na nzuri. Kwenye changarawe sitaki hata kuhesabu.

Hata vile, nisiwadanganye, nilikuwa bado naitaka. Nilimwambia yule mtu nitaleta mafranga siku ya kwanza ya juma.

Kabla ya siku ile kufika, shemeji yangu akashikwa na uchungu usiku, na mvua inanyesha. Tukamweka katikati, mama yake akakaa nyuma akimshika, mimi mbele kwenye tangi. Watu watatu, karibu wanne. Tulianguka mara moja, polepole, upande wa majani. Tukainua Boxer, nikapiga kiki, ikawaka. Tulifika hopitali kabla ya mapambazuko. Yule mtoto mnamjua, ndiye anayekimbiza kuku za jirani kila asubuhi.

Njiani kurudi nilifikiri juu ya kile kiti cha nyuma kilichoinuka. Mafranga sikuyapeleka.

Basi nilifanya nini? Nilikwenda kwa fundi, nikamwambia Boxer imepoteza nguvu. Akacheka. Filtre ya hewa ilikuwa imejaa vumbi kama mto wa kulalia. Cheni ilikuwa imelegea na meno ya pinyo yamekuwa makali kama meno ya mbwa. Diski za embrayaji zimeungua. Supapu hazikupimwa tangu siku niliyoinunua. Aliniambia: "Moto yako haikukosa nguvu, imechoka." Tukabadilisha vile vyote, na pinyo ya nyuma tukaweka ile yenye meno mengi kidogo. Mwendo wa juu umepungua, lakini kilima kilichokuwa kinanifanya nishushe mteja, sasa napanda naye. Gharama haikufika hata robo ya ile niliyotaka kuongeza juu ya Apache. Yaliyobaki nikanunua kofia mbili za kichwa, moja yangu, moja ya mteja.

Je, moto kubwa haifai hata siku moja? Inafaa. Kama uko na 100 na unapakia mizigo kila siku ya kwenda Salamabila na Namoya, kupanda mpaka 150 ni akili, maana ile ndogo unaiua kwa kuilazimisha. Kama kazi yako iko ndani ya mji wenye lami, bila mzigo, na fundi wa moto ile yuko karibu, nenda. Kama ni mafranga yako mwenyewe na unapenda tu, nani atakukataza? Mtu anaweza kupenda kitu. Ile nyekundu ilinunuliwa na mtu wa Kindu. Nasikia inatembea vizuri, nami namtakia heri.

Lakini hapa tunasema juu ya sanduku, na sanduku ni mafranga ya nani? Ni ya mama wajane wanaoleta kidogo kidogo kila mwezi. Mnajua nani anafuata kwenye orodha: ni mama yetu anayengoja mabati kabla ya mvua ya mwezi wa kumi. Moto ikisimama miezi miwili kwa kukosa kipande kimoja, yule kijana hatalipa. Si kwamba ni mwizi, hatakuwa na kazi. Na yule mama atalala tena chini ya majani yanayovuja.

Kwa hiyo naleta shauri, mkutano uamue. Kila anayeomba mkopo wa kubadilisha moto ajibu maneno matatu mbele yetu. La kwanza: fundi ameangalia ile ya zamani na amesema nini? La pili: ile mpya, kipande chake kinapatikana Kasongo, ndiyo ao hapana? La tatu: ameiendesha siku nzima na mzigo wake wa kila siku? Akijibu vizuri yote matatu, mimi wa kwanza nitanyosha mkono tumpe. Akishindwa, tumpe mkopo mdogo wa cheni, pinyo na mipira ya magurudumu. Huo anaweza kuulipa kwa miezi michache, na mama atapata mabati yake kwa wakati.

Na ninyi watatu mlioandika barua, msinikasirikie. Kesho asubuhi nitakuwa kwa fundi. Leteni moto zenu tuzifungue pamoja, tuone kama zimekosa nguvu ao zimechoka. Filtre za hewa nitanunua mimi.