Nyama Choma Imo Kamusini, Mtoto Bado Amevishwa Kibao

Habari mmeisikia. Juni 2022 Kamusi ya Kiingereza ya Oxford ilipokea maneno ya Afrika Mashariki, na nyama choma imo. Watu walishangilia, na redio hii haina ugomvi na furaha yao. Kinachotutia wasiwasi ni hiki: Mwingereza akiazima tunampigia makofi, sisi tukiazima tunaambiwa lugha yetu ni ya viraka. Na katika baadhi ya shule, mtoto anayesema Kiswahili anavishwa kibao cha aibu shingoni.

Tazameni maneno ya moto ya huyo Mwingereza. Jivu analiita ash; hilo ni la mababu zake. Lakini kosa la kuchoma nyumba ya mtu, arson, amelichukua kwa Wafaransa, nao walilirithi kwa Warumi. Arid, nchi kame, ni Kilatini. Ardent, mtu mwenye ari inayowaka, ni Kilatini kilichopitia Ufaransa. Aliazima, wala hakuona haya.

Wataalamu wanasema maneno yote hayo ni ya ukoo mmoja, yametokana na mzizi uliomaanisha kuwaka, katika lugha ya zaidi ya miaka 5,000 iliyopita ambayo haikuandikwa kamwe. Ushahidi mmoja ulifukuliwa Uturuki: vibao vya udongo vya Wahiti, ambao lugha yao ilifumbuliwa na Bedřich Hrozný mwaka 1915. Humo, meko ni hassa. Na ukavu? Huo una ukoo wake mwingine: thirst, yaani kiu, ni ndugu wa terra, ardhi ya Warumi. Hata tosti tunayonywea chai ni ya ukoo huo: kutoka Kilatini ikaenda Kifaransa, ikaenda Kiingereza, ikafika mezani kwetu. Mwingereza aliiazima, nasi tukaiazima, na hakuna aliyeona haya.

Sasa tuje kwetu. Moto ni wetu wa asili: Mchewa wa Malawi anasema moto, Mshona wa Zimbabwe anasema moto. Tanuri tumelitoa kwa Waarabu. Ndiyo, na iwe hivyo! Neno hilo limo katika maandishi ya Waakadi wa Mesopotamia, yaliyoandikwa kabla Kiingereza hakijazaliwa. Tumeazima neno lenye heshima yake. Haya ya nini?

Cha kuonea haya ni kile kibao. Mtoto anafundishwa kuionea aibu lugha inayosema moto kama walivyosema mababu zake, kisha tunangoja Oxford itusifu kwa nyama choma!

Walimu, kivueni kibao hicho. Wazazi, msikubali kulipa ada ili mtoto wenu adhalilishwe. Vyuo vikuu, tuandikieni historia ya maneno yetu, neno kwa neno, la asili na la kuazima, mtoto aisome darasani. Msingoje kamusi ya London wala ya Oxford. Anzeni muhula huu!