Masomo, Saumu na Zamu ya Wodi



Ndugu na dada zangu wa Thika, Ruiru na kwingineko, tunamshukuru Allah (S.W.) kwa kutufikisha tena mwezi huu mtukufu. Nimeombwa nizungumze juu ya masomo mazito. Mimi si mwalimu wa jambo hili. Ni mwanafunzi wa uuguzi tu, niliyefunzwa na kosa langu mwenyewe.

Wenye kozi kama yetu mnayajua maisha haya. Asubuhi darasa, mchana wodi, usiku kuandika ripoti ya mgonjwa, na mtihani unakungoja. Ramadhani ile nilikuwa nikikaa Ruiru na kusoma Thika. Daku saa kumi, Alfajiri, kisha matatu kupitia Juja na Witeithie. Jioni narudi, nakaanga sambusa, tunafuturu, tarawehe, halafu nafungua vitabu saa nne hadi saa nane usiku. Usingizi wangu ulikuwa wa saa mbili. Nikajiambia, hii ndiyo bidii.

Wiki ya pili, wodini, nikaambiwa nihesabu kasi ya maji ya mshipa. Mililita 500 ziingie kwa saa 4, na mpira wenyewe unatoa matone 20 kwa kila mililita. Ni hesabu nyepesi: 500 mara 20, gawanya kwa dakika 240, unapata kama matone 42 kwa dakika. Mimi niligawanya kwa 120. Nikaandika 83.

Mgonjwa alikuwa mzee mwenye moyo dhaifu. Sista aliyenisimamia akaitazama karatasi, akanishika mkono kabla sijafungua mpira. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Mwanangu, jana ulilala saa ngapi?" Nikaangua kilio.

Maji yale, kwa kasi mara mbili, yangeweza kumjaa mzee mapafuni. Je, ningemwambia nini Mola wangu? Kwamba nilikuwa nikijitahidi?

Hapo nikamkumbuka sahaba Abdullah bin Amr bin al-As (R.A.), tuliyesomeshwa habari zake madrasa. Alikuwa kijana, akifunga kila siku na kusimama usiku kucha. Mtume (S.A.W.) akamwelekeza apunguze, akimkumbusha haki za mwili wake na za watu wake. Yeye akashikilia kwamba anaweza zaidi. Alipozeeka, nguvu zikapungua, alitamani lau angeikubali ruhusa ile. Wanafunzi wenzangu, sisi nasi tuna ugonjwa huo wa kusema tunaweza zaidi.

Basi nilibadilisha mambo matatu.

Kwanza, nilirudi kwenye njia ya ustadh wetu wa madrasa. Hakutupa ukurasa mzima kwa siku. Alitupa aya chache, na kabla ya mpya lazima usome za jana. Nami sasa nachukua mada moja kwa siku, na naanza kwa kujiuliza ya jana huku kitabu kimefungwa.

Pili, nalala mapema. Kwetu huku karibu na ikweta urefu wa mchana haubadiliki sana, kwa hiyo ratiba moja inakufaa miaka yote. Nikiwa na zamu asubuhi, naswali tarawehe kidogo nyumbani, nalala, na nasoma kidogo baada ya daku. Tarawehe ni sunna. Uhai wa mgonjwa ni amana. Ukiwa na shaka, muulize sheikh wako.

Tatu, nilifungua mdomo. Nilimweleza msimamizi, akanibadilishia zamu mbili. Tukaunda kundi la watu wanne, kila mmoja akifundisha wenzake sehemu yake.

Sitawadanganya: somo moja nililirudia mwaka ule. Lakini sijawahi tena kushika mpira wa maji nikiwa sijielewi.

Na nyinyi wazazi wetu, nawaomba kwa heshima. Mtoto akiwa na mtihani kesho, msimhesabie sambusa, na hasa binti. Kaka zake pia wana mikono. Muulizeni swali lile la sista: umelala saa ngapi?

Allah atukubalie saumu zetu, na atujaalie elimu yenye manufaa. Amin.

Wabillahi tawfiq.